Mwizi wa Watoto Asiyekuwapo: Tahadhari Kabla Hujarusha Ujumbe

Kuna ujumbe mmoja ambao ukiupata leo nakuomba usiutume popote. Utautambua kwa sura yake. Unaanza na neno TAHADHARI kwa herufi kubwa, pengine na alama nyekundu za kengele. Unasema kuna gari aina ya Noah, jeupe, vioo vyeusi, linazunguka mitaani likichukua watoto wanaotoka shule. Ndani wamo wanawake wawili waliovaa baibui na mwanamume mmoja. Watoto watatu wameshachukuliwa "huku kwetu", na mmoja amekutwa hana figo. Chini yake ipo picha ya mwanamume aliyevimba uso, amekalishwa chini, mikono imefungwa kamba. Halafu mstari wa mwisho: "Sambaza kwa wingi, huenda ukaokoa maisha ya mtoto." Tarehe haipo. Jina la shule halipo. Hakuna kituo cha polisi kilichotajwa, wala mzazi hata mmoja wa hao watoto watatu.

Ujumbe wa namna hii umeshaua watu katika nchi zaidi ya moja, na ulipita njia ileile iliyomo ndani ya simu yako: grupu la ukoo, grupu la wazazi wa darasa la tatu, grupu la mtaa, la kikoba, la kwaya, la msikiti. Waliousambaza wengi wao hawakuwa waovu. Walikuwa mama, shangazi na majirani waliokuwa wakiwahurumia watoto. Nao hawakujua wanampeleka nani kaburini.

Hofu yenyewe tumeirithi. Wazee wetu wa pwani na bara walikua wakisikia habari za mumiani, watu wanaowavizia wapita njia usiku na kuwatoa damu. Enzi za ukoloni lawama iliwaangukia wazimamoto, na gari lao jekundu likawa gari la kukimbiwa. Katanga watu hao waliitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo za Afrika Mashariki na Kati katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na ukizilinganisha na ujumbe wa leo unaona gari limebadilika rangi tu. Jekundu la zimamoto limekuwa Noah nyeupe, na damu imekuwa figo.

Na hofu hiyo huua. Oktoba 2016 wafanyakazi watatu wa kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, walikuwa kazini katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, kwa ajili ya utafiti wa udongo. Zikavuma habari kwamba ni wanyonya damu. Waliuawa, wakachomwa moto. Mwaka uliofuata, katika wilaya za Mulanje na Phalombe kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu uligharimu maisha ya watu kadhaa, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kuwaondoa wafanyakazi wake huko.

Simu, basi, haikuileta hofu. Ilichofanya ni kuiongezea kasi na kumwondoa msemaji. Uvumi wa zamani ulitembea kwa miguu, na aliyeuleta alikuwa na uso. Ukimjua ni mzushi, ulimcheka. Ukimjua ni mtu wa kweli, ulimuuliza: uliona kwa macho yako? Kabla haujafika kijiji cha tatu ulikutana na mtu aliyetoka huko asubuhi hiyo, naye akasema mbona kwetu shwari. Ujumbe wa kurushwa hauna wa kuulizwa. Aliyekutumia naye katumiwa, na aliyemtumia naye katumiwa. Ndiyo maana juu yake umeandikwa "nimeupokea kama ulivyo", maneno ya mtu anayenawa mikono kabla damu haijamwagika.

Yaliyotokea India mwaka 2018 yanatosha kuwa somo. Huko Karachi, Pakistan, ilikuwa imetengenezwa video fupi ya kuwazindua wazazi. Ilionyesha watu wawili kwenye pikipiki wakimnyakua mtoto aliyekuwa akicheza barabarani na wenzake. Mwishoni pikipiki inarudi, mtoto anashushwa salama, na linaonyeshwa bango linalowaambia wazazi jinsi ilivyo rahisi mtoto kupotea. Kuna aliyeikata sehemu hiyo ya mwisho. Kikabaki kipande cha kunyakua peke yake. Kikavuka mpaka, kikaingia kwenye simu za India, na kila kilipofika kikapewa jina la mahali pale. Video ya kuwalinda watoto ikawa ushahidi wa kuwahukumia wapita njia.

Tarehe 1 Julai 2018, siku ya gulio, wanaume watano wa jamii ya wahamaji wanaoishi kwa kuomba riziki vijijini walifika Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra. Mmoja wao alionekana akizungumza na mtoto wa kike. Hilo likatosha. Waliburutwa hadi ofisi ya kijiji, wakafungiwa chumbani, wakapigwa hadi wote watano wakafa. Wiki mbili baadaye, wilayani Bidar katika jimbo la Karnataka, mhandisi wa kompyuta aliyekuwa matembezini na wenzake aliuawa na umati. Kosa lao lilikuwa kuwagawia watoto chokoleti.

Lakini tukio linalonitisha kuliko yote ni la Tripura, mwishoni mwa Juni mwaka huohuo. Serikali ya jimbo ilikuwa imemkodi mtu azunguke vijijini na kipaza sauti, awaambie watu kwamba habari za wezi wa watoto ni uongo. Huyo naye aliuawa kwa kudhaniwa kuwa mwizi wa watoto. Aliyetumwa kuuzima uvumi aliuawa na uvumi uleule. Wakati wa kuuzuia, kwa hiyo, ni ukiwa bado kwenye simu. Ukishashuka barabarani, anayesema kweli naye ni mshukiwa.

Miezi miwili baada ya hapo ikawa zamu ya Mexico. Katika mji wa Acatlán, jimbo la Puebla, tarehe 29 Agosti 2018, kijana wa miaka 21 na baba yake mdogo walikuwa wamekuja kununua vifaa vya kumalizia ujenzi wa kisima. Polisi waliwachukua kituoni kwa kosa dogo la kuvuruga utulivu. Kwenye WhatsApp ilikuwa imeshaenea kwamba wezi wa watoto wameingia eneo lile, na umati ukajaa mbele ya geti la kituo. Mtu mmoja akaanza kurusha mubashara kupitia Facebook akiwaita wengine waje. Wa pili akagonga kengele za mji. Wa tatu akashika kipaza sauti, akachangisha fedha za petroli. Geti likavunjwa, wakatolewa, wakachomwa moto. Mama mzazi wa kijana yule alikuwa Marekani. Aliyaona yote kwenye simu, yakitokea. Ushahidi kwamba walimgusa mtoto yeyote haukuwepo.

Tazama vilivyotumika pale: simu, kengele, kipaza sauti, petroli ya kuchangishana. Ni kipi kati ya hivyo ambacho mtaani kwako hakipo? Sisi tunao mpaka msemo tayari, "wananchi wenye hasira kali", ambao gazeti likishauandika habari imekwisha, muuaji hana jina na marehemu hana wa kumlilia.

Sasa tujiulize kwa nini mtu mwenye akili timamu anaurusha ujumbe usio na tarehe. Anaurusha kwa sababu umetoka kwa shangazi. Shangazi hajawahi kumdanganya, ndiye aliyemlea wakati mama yake yuko masomoni. Imani aliyonayo kwa shangazi anaihamishia kwenye maneno ambayo shangazi hakuyatunga, hakuyaona na hayajui yalikotoka. Undugu wetu, ambao ndio utajiri wetu, unageuzwa muhuri wa kupitishia uongo.

Halafu lipo jambo la heshima. Grupu la ukoo lina baba wakubwa na mama wadogo, wajukuu na wakwe. Baba mkubwa anaamka alfajiri, anaswali, anafungua simu, anarusha ujumbe wa Noah nyeupe. Nani atamwambia mbele ya wakwe zake kwamba amesambaza uzushi? Vijana wanaoujua ujumbe ule tangu mwaka juzi wananyamaza. Mmoja anaweka alama ya mikono iliyounganishwa. Mwingine naye anaweka. Mzee akiona mikono sita mfululizo anaisoma kuwa ni shukrani, anafarijika kwamba amewafaa watoto wake, kisha anautuma kwenye grupu la wastaafu wenzake. Adabu yetu ya kunyamaza imeupa uongo baraka za ukoo mzima.

Wapo watakaojibu: hata kama si kweli, hasara iko wapi, si tunajihadhari tu? Wengine wataleta methali, kwamba lisemwalo lipo. Hasara ipo, na inaanza siku nyingi kabla ya mtu kuuawa.

Chukua mtoto wa miaka minne aliyepotezana na mama yake sokoni Kariakoo. Zamani mtu mzima yeyote angemshika mkono, akamuuliza wewe mtoto wa nani, akamkalisha kwa mama muuza vitunguu aliye karibu huku habari ikitangazwa msikitini. Leo mwanamume mwenye busara anasita. Anajua mtoto akianza kulia mkononi mwake, na akatokea mmoja tu aliyesoma ujumbe asubuhi akapiga kelele "mwizi wa watoto!", hatapewa dakika ya kujieleza. Basi anapita kama hakuona. Mtoto anabaki analia katikati ya watu mia, wote wema, wote wanaogopana. Ujumbe uliosema unawalinda watoto umewaondolea walinzi wao.

Chukua na mgeni. Tulifundishwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa muuza vyombo wa nyumba kwa nyumba, mtoa chanjo, karani wa sensa, msoma mita, mtafiti wa udongo, mgonjwa wa akili aliyepotea njia, kila mmoja wao anaingia mtaani akiwa ameshashtakiwa. Angalia waliouawa huko nilikotaja: ombaomba, mtembezi, mnunuzi wa vifaa vya ujenzi. Hawakuwa na kosa zaidi ya kutojulikana. Nasi sote, tukivuka mto mmoja tu kutoka kwetu, hatujulikani.

Sisemi kwamba watoto hawadhuriwi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa mkoani Njombe. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto mwenye ualbino, wa miaka miwili, alinyakuliwa Muleba mkoani Kagera na baadaye akakutwa ameuawa. Mambo hayo yalitokea, yana mahali na tarehe, yana wazazi wanaolia na jalada la polisi. Kwa sababu ya watoto hao hatuna ruhusa ya kuchezea kengele ya hatari. Mama aliyepotelewa na mwanawe kweli akirusha picha leo, picha yake inaingia kwenye simu iliyokwisha kupokea Noah kumi za uongo. Mtu anaipitisha kwa kidole gumba na kuendelea na shughuli zake.

Tena njia hii ikishazoeleka, haitabeba habari za watoto peke yake. Kenya inakumbuka miezi iliyofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, ambapo ujumbe wa chuki ulipita kwa SMS kutoka simu hadi simu, na watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha katika machafuko yale. Wakati huo ujumbe ulikuwa wa maandishi na ulilipiwa. Leo unakuja na video na sauti, na kwa mwenye bando gharama yake haionekani. Wakenya wanarudi kwenye sanduku la kura Agosti 2027. Mkono uliozoea kurusha bila kuuliza hautajifunza kuuliza siku ya matokeo.

Tusitegemee kwamba kuna mtu mahali fulani atatusafishia. Tangu 2016 mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiyasomi. Baada ya mauaji ya India kampuni hiyo iliweka kikomo cha kurusha ujumbe kwa mazungumzo matano kwa wakati mmoja, na Januari 2019 ikakieneza dunia nzima. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi ukawekewa kikomo cha mazungumzo mamoja, na kampuni ikasema urushaji wa ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hapo tunajifunza kwamba watu wengi wakicheleweshwa kidogo tu huacha. Lakini anayenakili maneno na kuyabandika upya, au kupiga picha ya skrini, anakikwepa kikomo hicho, na alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umerushwa inapotea. Breki ya mwisho ni wewe.

Basi fanya hivi. Kwanza, angalia juu ya ujumbe. Ukiona mishale miwili, maana yake umeshapita mikono mingi na anayekutumia si shahidi. Pili, tafuta vitu vinne: mahali panapotajika, tarehe, kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa iliyopokea taarifa, na mtu unayeweza kumpigia simu akasema "mimi niliona". Kimoja kikikosekana, ujumbe ukomee kwako. Ukiwa na sauti tu, jua kwamba sauti nayo si ushahidi tena, kwa kuwa akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu unayemfahamu. Mpigie mwenyewe kwa namba yake ya siku zote, umsikie.

Tatu, ukiwa na shaka ya kweli kuhusu mtoto, usiandike kwenye grupu. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto nchini Tanzania na Kenya, au piga 112 uwapate polisi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu. Hao wanaweza kumhoji mtu bila kumuua.

Nne, admini wa grupu, cheo hicho kina kazi. Unaweza kuufuta ujumbe wa mtu yeyote ukaondoka kwa wote, na unaweza kulifunga grupu kwa muda ili waandike maadmini peke yao wakati joto limepanda. Fanya hivyo, kisha eleza sababu kwa mstari mmoja.

Tano, mzee akirusha, usimjibu hadharani, na usinyamaze. Mfuate pembeni. "Shikamoo baba mkubwa. Ule ujumbe wa Noah nimeuliza kituo cha polisi, wamesema hawajapokea taarifa hiyo. Naomba uufute, asije akadhurika mtu asiye na hatia." Mwachie aufute kwa mkono wake na awaeleze ndugu kwa kauli yake. Muda upo, kwani WhatsApp inaruhusu mtu kufuta ujumbe wake kwa wote kwa siku mbili na zaidi kidogo. Mzee aliyejisahihisha mwenyewe atawasahihisha na wastaafu wenzake, na hapo umeokoa grupu usilolijua.

Sita, kama umesharusha, rudi palepale uliporusha useme si kweli. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini anayepita anaweza kuambiwa pana utelezi. Usione haya. Haya kubwa ni kusikia baadaye kwamba mtu amechomwa moto kwa maneno yaliyopita kwenye simu yako.

Saba, ukikuta umati umeshamzunguka mtu, usirekodi wala usirushe mubashara. Kila anayetazama anaitwa aje. Piga polisi, kisha watafute wazee wawili au watatu, imamu, mchungaji, mwalimu, watu ambao sauti zao zinajulikana, wasimame pale mpaka polisi wafike.

Sheria zipo. Ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na ile ya Kenya ya mwaka 2018, zote zilitungwa na vifungu vya kuadhibu, kwa faini au kifungo, anayesambaza taarifa anazojua ni za uongo. Lakini hakimu hukaa kitini baada ya mazishi, na hukumu yake haimrudishi aliyezikwa.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wakubwa wa koo, walimu wakuu, maimamu, wachungaji, wenyeviti wa mitaa na maadmini wote. Msingoje uvumi ufike ndipo mseme. Wiki hii, kwenye kikao cha wazazi, baada ya swala ya Ijumaa, baada ya ibada ya Jumapili, waambieni watu sura ya ujumbe huu na cha kufanya wakiupata. Semeni sasa, mtaa ukiwa umetulia, kwa sababu siku ya uvumi hamtasikilizwa.